Andaa Alfajiri, Medali Itajijua

Novemba 2013, Mkenya Julius Arile alimaliza marathoni ya New York akiwa wa nne, kwa saa 2, dakika 10 na sekunde 3. Kwa watu wa riadha, nafasi ya nne ni ya kukosa jukwaa na kukosa picha. Lakini kwao Pokot Magharibi walijua safari ile ilianzia wapi. Arile alikuwa mwizi wa mifugo mwenye bunduki, mmoja wa vijana waliokuwa wakivamia maboma ya jirani na kukimbizana na polisi. Alipofika miaka ya ishirini na kitu, alisalimisha silaha akavaa raba.

Hakuacha peke yake. Rafiki yake, Robert Matanda, aliacha bunduki pamoja naye, naye akaanza kukimbia. Filamu ya Gun Runners, iliyotoka mwaka 2016, iliwafuatilia wote wawili kwa miaka mingi. Arile akafika New York. Jina la Matanda hutalikuta kwenye orodha za washindi wa marathoni kubwa za dunia. Ila bunduki aliiweka chini vilevile.

Mzazi anayeniuliza kama riadha inaweza kumrudisha kijana wake aliyepotea, huwa namwambia amtazame Matanda kwanza, Arile baadaye. Akina Arile ni wachache mno, na hakuna mzazi anayeweza kupanga kuzaa mmoja wao. Akina Matanda wanawezekana kila mtaa wenye uwanja na mtu mzima mmoja mwenye subira. Mbio zinazomtoa kijana shimoni ni zile za Jumanne alfajiri, ambapo hakuna anayepiga makofi, lakini kuna mtu ambaye angeshtuka kama kijana asingetokea.

Makala haya ni kwa mzazi, mlezi au mwalimu anayetaka kujaribu njia hii. Inafanya kazi, lakini ina masharti yake.

Kwanza jua kijiwe kinampa nini

Kabla hujamtafutia raba, jiulize kijiwe kinampa nini ambacho kwako hakipati. Kinampa mahali pa kwenda akiamka. Kinampa jina: nyumbani ni yule aliyefeli, pale ana jina la utani na watu wanamfurahia akitokea. Kinampa pia kitu cha kufanya kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane, hata kama kitu chenyewe ni kibaya. Ukimkataza kwenda huko bila kumpa mahali, jina na ratiba nyingine, atakuitikia "sawa mama" na jioni utamkuta palepale.

Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, alilielewa jambo hili kwa sababu alizaliwa katika eneo hilohilo la Pokot. Mwaka 2003 alianzisha taasisi yake ya amani, na mbio zake za Kapenguria zikawaita wapiganaji wa jamii zilizokuwa zikivamiana, Wapokot, Waturkana, Wamarakwet na wengine, waje washindane kwa miguu. Vijana wale walizoea kusifiwa kwa kasi, uvumilivu na ujasiri. Mbio ziliwaachia sifa hizo zote, zikawapa mahali pengine pa kuzionyesha, mbele ya wazee na akina mama zao.

Hapo kuna funzo kwa mzazi wa mjini. Tabia inayokutesa kwa mwanao, ule ubishi, ule ukaidi wa kutokubali kushindwa, ndiyo mtaji wake uwanjani. Usianze kwa kumwambia aiache.

Mtafute mtu kabla ya uwanja

Wazazi wengi huanza na vifaa. Wananunua raba, bukta na saa, wanamkabidhi kijana na hotuba juu. Baada ya wiki mbili raba ziko miguuni mwa rafiki yake. Anza na mtu: mtu mzima mmoja, asiye baba wala mama, atakayekuwa uwanjani siku zilezile, saa ileile, kijana aje asije.

Si lazima awe bingwa. Bruda Colm O'Connell alifika Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya St. Patrick's; ukocha wa riadha hakuwa ameusomea. Alikaa, akatazama, akajifunza kutoka kwa wanafunzi wenyewe, na miongo kadhaa baadaye mkimbiaji aliyemfundisha, David Rudisha, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London ya 2012. Kilichoanza kule ni mtu mmoja aliyekubali kuwepo kila siku. Mtaani kwako mtu huyo anaweza kuwa mwalimu wa michezo, askari aliyestaafu, dada anayekimbia kila asubuhi kabla ya kufungua genge, au kiongozi wa klabu ya wakimbiaji wa mwishoni mwa wiki. Ukimpata, muulize mambo matatu: anafanya mazoezi siku zipi, nani mwingine huwa yupo, na mtoto akikosa siku mbili hufanyaje. Asipokuwa na jibu la swali la tatu, endelea kutafuta.

Halafu kuna namna ya kumwalika kijana. Shuleni tumewazoesha watoto kwamba kuzungushwa uwanja ni adhabu ya kuchelewa. Ukimwambia "nenda ukakimbie upunguze ujinga", umemhukumu kabla hajafunga kamba za viatu. Mpe kazi badala yake. Mwambie kocha ana watu kumi na hana wa kumshikia saa, angeweza kusaidia Jumamosi? Kijana aliyeshika saa ya kupimia, anayeita namba kwa sauti na wenzake wakamgeukia kuuliza "nimepata ngapi?", tayari ana mahali na ana kazi. Wiki ya pili au ya tatu atataka kujua yeye mwenyewe angepata ngapi.

Wiki sita za mwanzo

Mpeleke kwanza kituo cha afya. Mweleze daktari kama ana pumu, kama amewahi kuzimia au kupata maumivu ya kifua akikimbia, na kama katika ukoo kuna ugonjwa wa moyo, selimundu au aliyefariki ghafla akiwa kijana. Kijana aliyekuwa akivuta au kunywa aseme ukweli. Daktari si polisi.

Baada ya hapo aende taratibu kuliko anavyotaka mwenyewe. Siku tatu au nne kwa wiki, dakika 20 hadi 30, akichanganya kutembea na kukimbia: dakika mbili mbio, dakika mbili kutembea, kisha sehemu ya kukimbia iongezeke kidogo kila wiki. Kipimo ni mdomo wake. Akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, kasi ni sawa. Akijibu kwa neno mojamoja, apunguze. Mapafu ya kijana huzoea haraka, mifupa na kano huchelewa, ndiyo maana wengi huumia ugoko katika mwezi wa pili, wakati wanajiona wamekuwa moto. Maumivu yanayobaki sehemu moja hata akiwa amelala ni ishara ya kusimama na kwenda hospitali, si ya kupakwa dawa ya kuchua na kuendelea.

Viatu vya mitumba vinatosha kuanzia, mradi uvichague. Viweke juu ya meza vikiwa vimekupa mgongo: kikiinamia upande mmoja, kiache. Kikunje, kiatu kizuri hupinda kwenye vidole, kibovu hupinda katikati kama kitambaa. Bonyeza soli kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kavu, imekwisha kazi yake. Ukubwa uache nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya vidole.

Halafu chakula, jambo linalovunja vikundi vingi kimyakimya. Kijana aliyelala njaa hawezi kuamka saa kumi na moja akakimbia, na aibu haitamruhusu kukuambia. Sufuria ya uji wa lishe baada ya mazoezi, na kiporo cha maharage kwa viazi kikipatikana, huwarudisha watu kesho yake kuliko fulana za kampuni. Wazazi wanne wakipokezana zamu, hakuna atakayeelemewa. Kwa mabinti, dagaa, maharage na mboga za majani visikosekane, kwa maana upungufu wa damu huwapata zaidi; na binti ambaye hedhi yake imekoma miezi kadhaa tangu aanze mazoezi makali apelekwe hospitali, asiambiwe ni kawaida ya wanariadha.

Mzunguko wa kwanza ndio mwalimu

Watu husema michezo hufundisha nidhamu, kisha hawasemi inaifundisha wapi. Njoo uwanjani uone.

Chukua kijana wa miaka 17, mkali, asiyeambiwa kitu. Anakimbia mita 1,500, mizunguko mitatu na robo tatu, kwa mara ya kwanza. Filimbi inapolia anachomoka kwa hasira zake zote. Mzunguko wa kwanza sekunde 66, yuko mbele ya kila mtu, na anageuka kuangalia nani anamwona. Wa pili, 78. Wa tatu mabega yamepanda hadi masikioni, mikono inakata hewa, 86. Mita 300 za mwisho anapitwa na watoto ambao asubuhi ile aliwacheka. Anamaliza kwa dakika 5 kamili, anaanguka kwenye nyasi, anasema uwanja huu mbovu.

Kocha mzuri hamhubirii. Anamsomea namba: 66, 78, 86. Kisha anamwambia, "Jumanne ijayo mzunguko wa kwanza usishuke chini ya 76. Ukishuka nakutoa." Kijana anaona ametukanwa. Jumanne inafika, wenzake wanamwacha kwenye kona ya kwanza, na kila kitu mwilini mwake kinamwambia awafuate. Kocha pale pembeni anaita "sabini na sita, vizuri, kaa hapohapo." Mzunguko wa tatu anaanza kuwapita mmoja mmoja, bila kuongeza chochote, kwa sababu wao ndio wanaoshuka. Anamaliza kwa dakika 4 na sekunde 44.

Sekunde 16 zile hakuzipata kwa nguvu mpya, maana kwa wiki moja mwili haubadiliki kiasi hicho. Amezipata kwa kujizuia sekunde 10 katika mzunguko wa kwanza. Maisha yake yote ameambiwa ajizuie, akaona maneno matupu ya watu wazima. Leo ameona faida yake kwenye saa ambayo haimjui, haimchukii na haina mdogo wake wa kumlinganisha naye. Akitukanwa njiani wiki ile na akapita zake, usishangae sana. Atarudia makosa, lakini sasa kuna kitu cha kumkumbusha: "hapo ulikimbia 66."

Kwa sababu hiyohiyo usimharakishe kwenda kwenye marathoni. Kanuni za World Athletics haziruhusu aliye chini ya miaka 20 kushiriki marathoni katika mashindano ya dunia na Olimpiki, na hata mbio za nyika za vijana wanaume wa umri huo huishia kilomita 8. Mpe mita 1,500, mita 3,000, mbio za nyika, na mashindano ya shule kama UMISSETA akiwa bado sekondari. Ukikuta mtu anayetaka kumpunguzia umri ili ashinde watoto, mwondoe kijana hapo siku hiyohiyo. Huwezi kumjenga kijana mkweli kwa cheti cha kuzaliwa cha uongo.

Atarudi kijiweni

Panga ukijua kwamba kuna wiki atapotea. Atakosa Jumatatu, atakosa Jumatano, na mtu atakuambia amemwona maskani kwao kama zamani. Hapa ndipo wengi tunanawa mikono kwa methali, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu tayari unamfunza, ndiyo maana tuko hapa.

Kikundi kiwe na sheria chache zinazojulikana kabla ya kosa: aliyelewa hakimbii siku hiyo, aliyeiba hurudisha mbele ya aliyemwibia, anayepigana hukosa shindano linalofuata. Adhabu ikiisha, imekwisha; asikumbushwe kila Jumamosi. Na wa kumfuata awe mwenzake wa mazoezi kuliko mzazi. Ujumbe mfupi wa simu, "kesho tuko milimani, nakupitia saa kumi na moja na nusu", unafanya kazi ambayo vikao vya ukoo havijaiweza.

Ila tutofautishe ukorofi na ugonjwa. Kijana aliyezama kwenye heroini hahitaji kocha kwanza, anahitaji matibabu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikitoa methadoni tangu 2011, na baadaye huduma hiyo ikafika mikoa mingine. Vivyo hivyo kwa kijana anayesema hataki tena kuishi, au anayepigwa nyumbani. Mbio zitamsaidia akiwa kwenye matibabu, zikiwa pembeni ya daktari na mshauri, zisichukue nafasi yao.

Akianza kushinda, hatari inabadilika

Samuel Wanjiru alilelewa Nyahururu na mama yake katika umaskini, akapata nafasi ya kwenda Japani akiwa na miaka 15, na mwaka 2008 akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Kwa hadithi za magazeti, hapo ndipo mwisho mwema. Mwishoni mwa 2010 alifikishwa mahakamani akituhumiwa kumtishia mkewe, na Mei 2011 alifariki baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake. Alikuwa na miaka 24. Medali haikumkosa. Msomaji anayeamini ushindi huponya kila kitu asome maisha yake taratibu.

Kwa hiyo zawadi ya kwanza isimkute kijana hajaandaliwa. Akaunti ya benki iwe kwa jina lake, na mtu mzima wa kumshauri awe ni yule ambaye hachukui chochote katika pesa hizo. Mkataba wa wakala usomwe na mtu anayejua sheria kabla ya kutiwa saini. Fungu la wakala kwa kawaida ni asilimia 15 ya mapato, na anayetaka nusu ni mwizi mwenye kalamu. Sindano au kidonge chochote "cha kuongeza nguvu" kikataliwe, hata kikitoka duka la dawa. Kanuni ziko wazi kwamba mwanariadha anawajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, na kosa moja linaweza kumfungia miaka minne. Kijana aliyeokolewa na mbio, akifungiwa, hapotezi mchezo pekee. Anapoteza mahali, jina na ratiba kwa mpigo.

Kwa mabinti, tahadhari iwe maradufu. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa 2015, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021 akiwa na miaka 25, na aliyeshtakiwa ni mumewe. Wanariadha wenzake walianzisha Tirop's Angels ili kuwasaidia wanawake wanaoteswa na wanaume wanaodhibiti maisha na fedha zao. Kocha anayetaka binti ahamie kwake, anayeshika simu yake, au anayemtenga na ndugu zake, si kocha. Mazoezi yawe mahali pa wazi, na kikundi kiwe na mwanamke mzima anayesikilizwa.

Baada ya mbio

Wengi hawatakimbia Olimpiki, na mapema wajue hivyo bila kuvunjwa moyo. Majeshi, polisi na magereza, Tanzania na Kenya, yamekuwa yakiajiri wanariadha kwa miaka mingi. Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, ni askari wa JWTZ; alipata shaba ya dunia London mwaka 2017 na ikamchukua miaka minane kupata dhahabu, Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mtu hawezi kungoja miaka minane bila mshahara. Mtanzania mwingine, Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alisoma chuo kikuu Texas kwa miguu yake. Milango hiyo yote huulizia cheti cha shule na rekodi safi. Kwa hiyo mazoezi yasile masomo, na aliyeacha shule arudishwe, hata kwa ufundi stadi wa jioni, wakati bado ana hamu ya kitu fulani.

Mwaka mmoja ukipita, usihesabu medali. Hesabu mambo haya: analala saa ngapi, watu wazima wangapi wanamjua kwa jina lake halisi, anafanya nini akishindwa, na nani angempigia simu kama asingetokea asubuhi. Majibu yakiwa mazuri kuliko mwaka jana, riadha imefanya kazi yake hata kama bado anamaliza wa kumi na tisa. Yakiwa mabaya, na kabati limejaa vikombe, usijidanganye, rudi mwanzo.

Na kama unaanza leo, usimwambie chochote kijana. Nenda uwanja wa karibu nawe kesho alfajiri, wewe mwenyewe, uone nani yupo. Nenda tena keshokutwa. Utakayemkuta siku zote mbili, msalimie, umwambie una kijana nyumbani anayejua kusoma saa.